Mpangaji Niliyetafuna Naye Kahawa

Sabiti ni mtu wa makaratasi. Babu yake alitoka pwani na marobota ya nguo, akafungua duka Biharamulo mjini, na ukoo wao mpaka leo hauamini kitu kisichoandikwa. Yeye alianza kwa kuuza kandambili kambini Lukole, enzi za wakimbizi. Kambi ilipofungwa akaja hapa Kasulo kuniomba chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, auze mbegu na mbolea.

Nilimkubali. Kwa kuwa ni Mwislamu na hanywi, hatukufunga maneno kwa pombe ya rubisi. Nilitoa kahawa ya kutafuna, kama tunavyofanya kwetu Nyabusozi. Tunda moja lina punje mbili: yake nikampa mkononi, yangu nikatia kinywani. Mkishatafuna hivyo mmekuwa ndugu. Akaniita dada, nikamwita mdogo wangu. Pango alilipa bila kukumbushwa.

Halafu zikaja hizi sheria. Kijana wa leseni za biashara pale ofisi ya kata, anaitwa Rwekaza, akasema hakuna leseni bila mkataba wa pango. Sabiti akanijia na karatasi iliyochapwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Mkataba. Weka dole gumba hapa tu."

"Kahawa umeitapika?"

"Dada, leseni hawatoi kwa kahawa."

"Basi mwenye karatasi akupangishe."

Mtu hamwekei nduguye karatasi ya kushtakiana. Nikakataa katakata. Rwekaza akaja kufunga duka kwa kufuli, tena mvua za kupandia zimeanza, wateja wamesimama na majembe yao. Sabiti hakunijibu neno baya. Alikaa barazani kwangu akipanga na kupangua karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni, akihema kama mbuzi aliyefungwa juani. Nikachoka kumtazama. Nikajifunga kitenge cha misa, tukaenda ofisini.

"Shikamoo, bibi," Rwekaza akasema. "Huyu Sabiti ni nani wako?"

"Mdogo wangu."

Akatazama kofia ya Sabiti, akatazama rozari yangu. "Wa kuzaliwa?"

"Wa kahawa. Ndiyo zaidi."

Kijana amekulia mjini, mila hii haijui, akaona haya kuuliza. "Kumbe ni mambo ya familia! Basi mkataba wa nini? Naandika barua kwamba umempa ndugu yako chumba bure."

Sabiti akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu, nikaweka dole gumba. Jioni ile duka likafunguliwa, nami nikarudi nimenyoosha shingo. Serikali nimeishinda.

Baada ya mavuno, mwenyekiti wa kijiji akawaita wenye nyumba za kupangisha waelezwe sheria. Nilifika mapema, nikakaa mbele kabisa.

"Bibi, wewe haikuhusu," mwenyekiti akaniambia kwa adabu. "Ofisini imeandikwa huna mpangaji."

Jirani yangu Scolastica, mwenye kijumba kimoja cha kupangisha, cha udongo kinachovuja, akageuka polepole ili wote wamsikie. "Kumbe unatunzwa na mdogo wako! Mungu ambariki. Uzee si mchezo."

Mimi! Matofali ya nyumba ile nimeyachoma kwa mikono hii, mume wangu akiwa kaburini tayari. Nikatoka, na waliokaa mbele ndio hutembea safari ndefu kuufikia mlango.

Asubuhi nikamburuta Sabiti mpaka kwa Rwekaza.

"Nataka mkataba."

"Bibi, ukiwa na mkataba utasajiliwa mlipakodi. Sabiti atakata kodi ya serikali kwenye pango lako kabla hajakukabidhi."

"Akate."

"Wenzako wanakuja hapa kujitoa, wewe unajiingiza?"

"Hao hawana nyumba, wana vibanda."

"Haya. Ila ile barua naifuta, na niandike kwamba huyu si ndugu yako."

Nikageuka. Sabiti alikuwa anatazama miguu yake, mfuko wa nailoni ameukumbatia kifuani. Mtu wa makaratasi, na karatasi aliyoitaka sasa iko mezani, lakini hakuinyooshea mkono.

"Andika mpangaji," nikasema. "Hapo kwenye undugu pana nafasi ya kujaza?"

Rwekaza akapekua. "Hapana."

"Basi usipaguse."

Akacheka, akaandika. Nikaweka dole gumba, nikalikandamiza mpaka meza ikalia.

Nje, Sabiti akaingiza mkono kwenye mfuko wa nailoni, kati ya karatasi zake, akatoa kahawa kavu. "Dada, tufunge upya." Akaimenya. Punje kubwa akajipa yeye, lakini siku ile nilimsamehe.

Sasa akilipa pango anakata ya serikali na kuniletea risiti. Nazibandika kwa uji ukuta wa mbele, upande anaopita Scolastica kwenda kisimani. Kusoma hajui zaidi yangu, ila muhuri anautambua. Juzi kaonekana ofisini kwa Rwekaza, analalamika mbona yeye hajakatwa.