Wadudu Kwenye Rangi

Kiti nilichomtengenezea mama kwenye pikapu ya marehemu baba kinazunguka bila kelele. Naanza na hilo kwa sababu ndicho kitu pekee katika gari lile nilichokimaliza kwa wakati wake. Mengine nitakayoyasimulia hapa yananiaibisha.

Pikapu ilikuwa imekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba ya mama, Nyamasaria, tangu baba atuache. Magurudumu yaliuzwa kwanza, ikafuata betri, kisha tukaacha kuuza kwa sababu kuku walikuwa wameshahamia. Walitaga chini ya usukani. Kila asubuhi mama alifungua mlango wa dereva akaokota mayai, na mtu akimuuliza gari hilo linamfaa nini, alijibu kwamba linamlisha.

Kisha mama akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Hospitalini walimtia chuma, akarudi nyumbani akitembea kwa fremu, lakini nyonga ilikataa kukunjika kama zamani. Kuketi kwenye kiti kirefu aliweza. Kuinama aingie ndani ya gari dogo hakuweza. Tulijaribu teksi mara moja, mke wangu akimvuta huku nami nikimsukuma, na kilio alichotoa siku ile sikutaka kukisikia tena.

Kukaa nyumbani kusingemsumbua sana, kama si dada yake. Mama mkubwa aliishi ng'ambo ya ziwa, mbele kidogo ya Mbita, na ndiye aliyemlea mama baada ya nyanya yetu kufariki. Uzeeni masikio yake yalikufa kwanza, macho yakafuata. Simu haikuwa na maana kwake. Siku moja mke wa binamu yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimtunza, alimshikia simu usoni ili waonane na mama kwa video. Mama mkubwa aligeuza uso na kuuliza kwa sauti kubwa ni mjinga gani aliyemmulika na tochi. Tulicheka wote. Mama alicheka pia, halafu akanirudishia simu, akaingia chumbani akafunga mlango.

Kulikuwa na njia moja tu ya wao kusalimiana. Mama ana kovu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, pana kama jani la mwembe. Walipokuwa wasichana, mama mkubwa alimmwagia uji wa moto kwa bahati mbaya, na hakujisamehe kamwe. Kila walipokutana, kabla ya habari za watoto wala za mvua, alimshika mkono na kulipapasa kovu lile kwa kidole gumba, kama mtu anayetaka kulifuta. Alipopofuka, kovu hilo likawa ndilo jina la mama.

"Nipeleke nimguse," mama aliniambia. "Nikishamgusa, basi. Atakayetangulia na atangulie."

Ndiyo nikaitazama pikapu. Kiti cha pikapu kiko juu, hakihitaji mtu ainame. Kilichohitajika ni kumpandisha na kumgeuza bila kumkunja. Nikatafuta fundi mmoja wa hapo hapo Nyamasaria, mtu wa maneno mengi na nyundo moja, na kila mwisho wa juma nikawa natoka Migosi, ninakopanga na mke wangu, nakwenda kulala kwa mama ili tuanze kazi mapema.

Tuliing'oa injini, tukaifungua, tukabadilisha gasketi na klachi, tukanunua betri na magurudumu. Siku ilipowaka mara ya kwanza ilitoa moshi mweusi mpaka majirani wakakohoa, na kuku wakatimua mbio. Mmoja alirudi jioni kutafuta kiota chake chini ya usukani. Nilimtengenezea sanduku, lakini alinichukia tangu siku hiyo.

Kiti ndicho kilichonipa raha. Tulichukua habu ya gurudumu kuukuu pamoja na beringi yake, tukaichomelea sakafuni, tukafunga kiti juu yake. Ukivuta pini, kiti kinazunguka kikatazama nje ya mlango. Chini tukaweka ngazi pana ya chuma ili mama apande pamoja na fremu yake. Nilimpima kwa kijiti kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti, yeye akiniambia kwamba hata mshonaji hajawahi kumsumbua hivyo. Mara ya kwanza kiti kilikwaruza.

"Kinalia kuliko mimi," mama akasema.

Tukabadilisha beringi, tukaipaka grisi, na kelele ikaisha. Mama alizunguka mara tatu, mikono juu, akicheka peke yake. Sijawahi kufanya kitu kikamfurahisha mtu hivyo. Jumapili iliyofuata nilimpeleka kanisani, na akina mama wa kwaya walitoka nje kumtazama akishuka kama malkia.

Jioni hiyo aliniambia, "Sasa Jumamosi twende kwa dada."

Gari lilikuwa linatembea. Breki zilishika. Ngazi ilikuwepo, kiti kilikuwepo. Nami nikasema tungoje kwanza rangi.

Hapa lazima niseme ukweli juu yangu, na kidogo juu yetu sisi watu wa ziwa. Tuna neno letu, nyadhi, la ule umaridadi wa mtu anayetaka kuonekana anapoingia. Kwetu mtu hafiki tu, mtu huingia. Miaka kadhaa nyuma nilikwenda kwa mama mkubwa kwa bodaboda, mvua imeninyeshea, viatu vimejaa matope. Binamu yangu alinitazama kutoka juu mpaka chini mbele ya wageni, akasema, "Kumbe Kisumu ni mbali hivi! Hata viatu vimetembea mpaka vikachoka." Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini kicheko kile nilikiweka. Nilipokuwa nimelala chini ya pikapu, grisi ikinidondokea usoni, nilikuwa nikiona jinsi nitakavyoingia katika boma lile. Rangi ya maziwa, mstari wa damu ya mzee ubavuni, kama ilivyokuwa kwenye picha ya baba akiwa kijana. Safari ilikuwa ya mama. Mimi nilikuwa nimeigeuza kuwa yangu.

Rangi ya zamani ilipokwanguliwa, bati lilionekana limeoza. Tukakata, tukachomelea, tukapaka pati ya kuziba mashimo, tukapiga msasa. Jumamosi zikapita. Mama alikuwa ameshafunga mfuko wake: kitenge kipya cha dada yake, sukari, na sabuni ya kunukia. Kila Jumamosi asubuhi aliutoa mfuko akauweka barazani, na kila Jumamosi jioni aliurudisha ndani. Hakunilaumu. Nilikuwa nikimwona anavyoubeba kwa mkono mmoja, fremu kwa mkono mwingine, na bado niliendelea kupiga msasa.

Hatimaye Ijumaa moja tukawa tayari kupulizia rangi, tusafiri kesho yake. Fundi alitazama upande wa ziwa, akanuna.

"Mzee, hewa imetulia sana leo. Hawa wadudu wa lake watakuja tu. Tungoje wiki ijayo, ama tutafute mahali pa ndani."

"Piga," nikamwambia.

Alipiga, na kazi ikawa safi. Koti la mwisho lilikuwa bado bichi walipokuja. Anayeishi Kisumu anawajua: wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi wa shamba linaloungua. Hawaumi. Wanatua tu. Kabla hatujapata turubai, boneti na milango vilikuwa kama mkate ulionyunyiziwa simsim. Nilijaribu kuwatoa kwa kidole nikaharibu zaidi. Nilitukana wadudu, nikatukana ziwa, nikamtukana fundi, ambaye alikuwa ameniambia.

Mama alitoka na fremu yake, akafika polepole mpaka kwenye gari. Aliinamisha kichwa, akatazama.

"Hawa hawana neno, baba," akasema. Mama huniita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake. "Twende hivyo hivyo kesho."

"Mama, siwezi kuingia kwa watu na gari lenye wadudu."

"Dada yangu haoni. Huyo unayempakia rangi ni nani?"

Mtu asiye na jibu hukimbilia methali. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu kwamba na ngoja ngoja huumiza matumbo. Halafu akageuka. Ilimchukua muda mrefu kufika barazani, na mimi nilisimama na kitambaa mkononi, sikumsaidia, kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Aliuchukua mfuko wake akaingia nao ndani.

Fundi alipiga msasa upya gari zima. Safari hii tuliomba banda la jirani, tukafunga madirisha kwa magunia, na rangi ikatoka kama nilivyoiota. Alhamisi nilikuwa uani nikiing'arisha simu ilipolia. Alikuwa mke wa binamu yangu. Mama mkubwa alikuwa ameshikwa na homa siku mbili, na asubuhi ile hakuamka.

Mama alikuwa barazani akichambua mboga. Aliniona nikija, akaiweka sinia chini.

"Lini?" akauliza.

"Leo asubuhi."

Alitazama kupita bega langu, kule pikapu ilikokuwa ikimeremeta juani. Kisha akaniambia nimletee mfuko. Akatoa kitenge, akakikunjua magotini, akakinyoosha kwa viganja. "Watamfunika na hiki," akasema. Alianza kulia akiwa amekishika, kilio kidogo, cha mtu asiyetaka kukilowesha kitambaa. Nilipiga magoti mbele yake nikaomba msamaha. Alinishika kichwa.

Tulikwenda kuzika kwa pikapu ile. Kule Luanda Kotieno, tukingoja feri, vijana waliizunguka. "Wacha! Mzee, hii gari umetoa wapi? Imeiva!" Mmoja aliomba kupiga picha akiwa ameegemea boneti. Mama alikuwa ndani, kanga imemfunika mpaka machoni, akitazama maji. Nilimwambia kijana apige tu picha yake aondoke.

Tulipoingia bomani, na kweli tuliingia, watu waligeuka chini ya hema, kwaya ikiimba. Binamu yangu, yule yule, alikuja akapitisha mkono juu ya madigadi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, maskini, mama yake amelala pale, lakini hakuweza kujizuia. "Ndugu yangu," akasema, "hii sasa ndiyo kuja." Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo kwa miaka. Yalipofika nilitaka nchi ipasuke inimeze.

Mke wake alinivuta pembeni. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. Aliniambia jinsi walivyokuwa wakizungumza na mama mkubwa asiyesikia: ukitaka kumwambia juu ya mama, ulimshika kwenye kifundo cha mkono, pale penye kovu la dada yake. "Kila Jumamosi nilimshika hapa kumwambia dada yake anakuja, nikamwogesha, nikamtoa nje akae. Ile ya mwisho nilipomshika, alivuta mkono. Nikajua amekataa kuamini."

Jeneza lilikuwa juu ya viti viwili vifupi, wazi, watu wakipita kumtazama. Mama asingeweza kuinama pale. Mchungaji alipendekeza aagane naye kwa mbali. Mama akasema, "Mleteni kwangu."

Nikaisogeza pikapu mpaka ukingoni mwa hema. Wanaume sita wakanyanyua jeneza, wakalishikilia mlangoni, kimo cha magoti yake. Nikavuta pini, nikakigeuza kiti. Hakikutoa sauti yoyote. Kilizunguka taratibu, kikasimama pale pale nilipokipimia, na mama akawa uso kwa uso na dada yake, bila kujikunja, bila maumivu. Kazi nzuri kabisa.

Alifunua kitenge, akautoa mkono wa mama mkubwa. Aliweka kovu lake chini ya kidole gumba kile, na kwa sababu kidole hakikuweza tena, alikishika mwenyewe akakipitisha juu ya kovu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. "Nyaminwa, asebiro," alimwambia. Dada yangu, nimekuja. Alirudia mara nyingi. Wanaume walikuwa wakitetemeka mikono kwa uzito, na hakuna aliyemwambia aharakishe.

Siku iliyofuata tulirudi. Kwenye feri abiria wote walishuka kwenye magari kupunga upepo, sisi wawili tukabaki ndani. Mama alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo. Nilidhani amelala. Katikati ya maji alitoa mkono dirishani, akaupitisha nje ya mlango polepole, mahali ambapo wadudu walikuwa wamejaa na sasa palikuwa laini.

"Rangi imetoka vizuri, baba," akasema.

Alisema kwa upole, akinionea huruma. Heri angenitukana.