Sikio la Muuza Baiskeli

Muuza baiskeli ana vidole virefu vilivyoingia grisi mpaka kwenye kucha, na sauti tamu ya kubembelezea mtoto. Kila baiskeli anayoitoa ukutani huiinua, hulizungusha gurudumu, kisha hutega sikio na kufumba macho. Mkunga mmoja aliyekuja kununua baiskeli aliipenda tabia hiyo tangu alipoingia dukani, maana naye riziki yake ni kusikiliza mapigo ya watoto tumboni. Mteja aliyemtangulia, mwanamume mwembamba kama ufito, alipewa baiskeli ya mashindano akaijaribu mtaani. Aliporudi, muuzaji alimwuliza kwa bashasha, “Vipi kaka, imekukaa?” Baiskeli yenyewe hata hakuitazama.

Mkunga alipoomba ya kwake, ya mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio, muuzaji alitabasamu. “Unamnunulia nani, mama?”

“Mwenyewe. Nina mwili mkubwa, kwa hiyo nataka magurudumu yenye spoki nyingi.”

“Aa, mama, hizi zitakutesa bure. Chukua ile ya kikapu, utastarehe.”

Mkunga akamkazia macho mpaka baiskeli ikatoka ukutani. Akaenda nayo hadi mwisho wa mtaa, akarudi jasho likimtiririka, uso umechanua kama wa msichana. Muuzaji hakumwuliza kama imemkaa. Alifuta siti, akachuchumaa, akalizungusha gurudumu la nyuma, akatega sikio na kufumba macho. Gurudumu lilizunguka kimya, bila kuyumba hata kidogo. Akalisimamisha kwa kidole, akalizungusha tena.