Bubu wa Ukumbi wa Mahindi

Ukumbi wenyewe, tuseme ukweli, haukujengewa watu. Ulijengewa mahindi. Ilikuwa stoo ya mabati pale Laini Saba, Kibera, kando ya reli, mpaka mwenye mahindi akafilisika na Wepukhulu, bondia mstaafu mwenye pua iliyolala upande, akaichukua. Akapigilia jukwaa la mbao katikati, akazungusha kamba, akakaa akingoja mabondia. Waliotangulia kufika ni maharusi. Wakafuata walokole, halafu watu wa disko. Baada ya miaka michache Ijumaa ilikuwa ya disko, Jumamosi ya harusi, Jumapili asubuhi ya maombi, na Jumapili mchana, kwaya ikiwa bado inakunja majoho yake, mabondia walikuwa tayari wanaruka kamba pembeni. Kuna bondia aliwahi kuangushwa chali huku maua ya bibi harusi wa jana yake yakining'inia juu ya pua yake. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa labda yeye.

Wepukhulu aliupa ukumbi majina mazuri mazuri, yote yakakataa kushika. Ulibaki Ukumbi wa Mahindi.

Mbula aliingia humo kwa sababu ya stima. Alikuwa muuza makaa wa Silanga, mtaa wa jirani, mama mfupi, mnene, mcheshi, na sauti yake ilikuwa inafika kabla yake. Asubuhi alipopanda kutoka Silanga akiita "Makaaa," watu wa Laini Saba waliamka wakatafuta viatu. Sasa, Jumapili moja stima ilipotea, maikrofoni ikafa, na mtangazaji, bwana mmoja wa tai, akabaki anafungua mdomo na kuufunga. Hakuna aliyejua nani anapigana na nani. Mbula alikuwa mlangoni akimpimia mtu makaa kwa mkebe, na uvumilivu ukamwisha. Akauliza majina, akayatangaza palepale aliposimama, masizi mpaka kwenye nyusi. Stima iliporudi, Wepukhulu hakuhangaika kuwasha maikrofoni.

Kazi aliifanya kwa mtindo wake. Kila bondia alitangazwa pamoja na kwao, hata kama kwao alikuwa anapajua kwa mazishi tu. "Ryan Omolo, kutoka Ugenya, mahali hata paka anatembea kwa maringo." "Thuo, kutoka Murang'a, ambaye kabla ya kurusha ngumi anauliza kwanza faida ni gani." Akiwa na bondia wa Machakos alijitania mwenyewe: huyu ni wa kwetu Ukambani, wachonga vinyago, chunga uso wako usichongwe upya. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Kila upande ulipiga miguu kwa zamu yake, na kicheko kilikuwa cha wote.

Mwisho wa mwaka wa 2007 Wepukhulu alibandika matangazo kila ukuta: Jumapili ya kwanza ya mwaka mpya, Ryan Omolo na Thuo. Kibera nzima ilikuwa inabishana nani atalala. Lakini uchaguzi ulitangulia.

Yaliyofuata baada ya matokeo kutangazwa hayana utani: watu waliwindwa kwa makabila yao. Thuo na mamake, Wakikuyu, walihama mbio wakaenda kujibanza kwa shangazi yake, Wakarima, kule Kawangware. Siku hizohizo Seline, Mjaluo na jirani wa Mbula, alimpokea dadake aliyefukuzwa kutoka Kawangware akaja kujibanza Kibera. Watu walikuwa wanapishana njiani, kila mmoja na godoro lake kichwani. Ukumbi ulifungwa. Haukuchomwa, pengine kwa sababu kila aliyekuja na kiberiti alikumbuka ameoa humo, au ameokoka humo.

Mbula mwanzoni watu hawakujua wamweke wapi. Halafu mkubwa mmoja wa Ukambani akapewa kiti katika serikali ambayo Kibera ilikuwa inaipinga, na majirani waliokuwa wakimwomba chumvi wakaanza kumtazama kwa kando. Shida yake ilikuwa kwamba hawezi kuficha kwao. Dada kwake ni ndada, barabara ni mbarambara, na mtoto yeyote wa Kibera akisikia hivyo anajua basi lako linapita Machakos. Akaacha kuita makaa. Alikaa kando ya gunia lake kimya, akionyesha bei kwa vidole.

Siku moja yeye na Seline walikuwa wanavuka reli, wakakuta vijana wamefunga njia. Mmoja, mwenye kofia nyekundu, akamsogelea.

"Mathe, unatoka wapi?"

Swali lenyewe lilikuwa lilelile alilokuwa akilijibu ukumbini kila Jumapili kwa niaba ya watu wengine. Siku hiyo neno moja tu lingemsaliti. Akashika shingo, akatikisa kichwa.

"Huyo ni bubu," Seline akasema, kwa Kijaluo kwanza, kisha kwa Kiswahili. "Ni mtu wangu. Wacha apite."

Wakapita. Walipofika nyumbani Seline alicheka mpaka akakaa chini. Katika wanawake wote wa Kibera, huyu ndiye ameitwa bubu. Mbula naye alicheka, halafu akalia, na tangu siku hiyo Seline akawa anamwita bubu wangu.

Wakubwa wa siasa walipopeana mikono mwishoni mwa Februari, Wepukhulu alifungua kufuli. Alienda Kawangware mwenyewe kumwomba Thuo aje, na Thuo, baada ya kumtazama shangazi yake muda mrefu, akakubali. Ryan hakuhitaji kuombwa. Aliyekataa ni Mbula.

"Nikifungua mdomo tu wanajua," alimwambia Wepukhulu. "Na nikisema huyu ni wa Ugenya, yule ni wa Murang'a, hao watu watainuka na viti."

"Basi usiseme kwao. Sema majina tu."

"Na wakiinuka?"

"Wakiinuka, nafunga kabisa, narudisha mahindi." Akasugua pua yake iliyolala. "Bila wewe hii ni stoo, mama."

Jumapili hiyo mchana ukumbi ulijaa, lakini kwa namna mbaya. Watu walikaa makundi makundi, katikati wameacha nafasi ya kupitisha mkokoteni. Kwaya ilikunja majoho upesi ikaondoka. Mbula alipanda jukwaani, na mbele kabisa akamwona Seline amekaa na kikapu mapajani.

"Upande huu," alisema, "Ryan Omolo." Makofi machache. "Upande huu, Thuo." Makofi machache zaidi. Sauti ilikuwa imetoka nusu, na hiyo nusu yenyewe ilimuuma.

Kijana mmoja akasimama nyuma. Kofia nyekundu.

"Ngoja kidogo," akasema. "Huyu si ndiye yule bubu wa reli? Si tuliambiwa ni bubu? Mathe, kwani unatoka wapi?"

Watoto waliokuwa wamepanda dirishani walinyoosha shingo. Seline alishika kikapu kwa mikono miwili. Wepukhulu alifumba macho. Mbula alijua kwamba akishuka sasa hatapanda tena, wala hapa, wala popote, na gunia lake ataliuza kwa vidole mpaka azeeke. Aliogopa, na woga wenyewe ukamkasirisha.

"Mimi ni Mbula," akasema, na sasa sauti ilitoka yote, ikagonga mabati ikarudi. "Natoka Mwingi, kule Kitui. Makaa unayopikia ugali imetoka kwetu, kwa mkono huu. Siku ile uliniuliza vizuri, ni mimi nilikosa kujibu. Leo nimekujibu, ndugu yangu. Kuna ingine?"

Aliyatamka hivyohivyo, kwa Kikamba chake chote ndani ya Kiswahili. Kijana akavua kofia, akajikuna.

"Hakuna, mathe. Nilikuwa nauliza tu."

"Basi keti. Unazibia watu."

Kicheko kikaanzia dirishani, kwa watoto. Kilikuwa kidogo, chenye woga, lakini kilienda kikivuka ile nafasi ya katikati. Kikiwa bado hakijaisha, Thuo akainua glavu yake kule pembeni.

"Mama," akasema taratibu, "mbona umesahau kwetu?"

Mbula akamtazama. Huyu ndiye aliyetolewa Laini Saba na godoro kichwani kwa sababu ya hapo kwao. Ryan naye, upande wa pili, akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi," akasema. "Unitaje vizuri. Paka usimwache."

Machozi yalikuwa yanamshuka Mbula na hakuyapangusa. Alivuta pumzi kama ya kuamsha Laini Saba nzima.

"Thuo," akaita, "kutoka Murang'a."

Watu wakaangaliana kuvuka ile nafasi ya katikati. Kisha mguu mmoja ukapiga sakafu, mbele kabisa. Ulikuwa wa Seline, mtu wa Ugenya.

"Endelea, bubu wangu," alisema. "Tunakusikia."