Nywele za Mke wa Msafiri

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, nywele za mama yangu zilikuwa mali ya bibi. Kila Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri mama alivua ushungi wake uani, akakaa juu ya kigoda, na bibi akasimama nyuma yake na bakuli la hina. Watu wengine wakisikia hina hukumbuka harusi na Idi. Mimi hukumbuka ua wetu ule, karibu na Micheweni, Pemba, kwenye ardhi ya mawe, na wanawake wawili wakimngoja mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa baba yangu, Hamad. Alikwenda Msumbiji kuuza nguo, kama walivyokwenda vijana wengi wa kwetu, na mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa. Alipenda kuniuliza nimekula nini. Nikimwambia muhogo, hucheka, akasema na yeye kala muhogo. Halafu kukazuka vurugu huko alikokuwa. Tulisikia nyumba zimetiwa moto, watu wamekimbilia msituni, wengine wamevuka mpaka na wengine hawajulikani waliko. Simu ya baba ikawa haipatikani. Mama aliipiga asubuhi kabla ya kwenda pwani kwenye kilimo chake cha mwani, na jioni akirudi, mpaka ile sauti ya mwanamke anayesema haipatikani nikawa naijua kama sauti ya jirani.

Hapo ndipo bibi alipolitoa neno lake. Bibi alikuwa mama mzaa baba, jina lake Bi Mize, na tulikaa nyumba moja.

"Nnakwambia, Zuhura," alimwambia mama, "mke wa msafiri haachi kichwa kikapoteza rangi. Hina ikiwa mbichi kichwani mwako, mumeo ana njia ya kurudi. Ikipauka, njia inajifunga. Na mkunazi usiuguse kabisa. Mkunazi ni wa maiti."

Kwetu unga wa majani ya mkunazi ndio dawa ya nywele inayopendwa kuliko zote. Hutoa povu jepesi, huondoa mba, hulainisha nywele zilizokakamaa. Lakini majani hayohayo hutiwa katika maji ya kukoshea maiti. Wanawake wengi huyatumia kwa yote mawili bila wasiwasi wowote. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa akiyaogopa, na alikuwa na sababu. Babu yangu, ambaye sikuwahi kumwona, alikwenda Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na kumwacha bibi na mimba ya baba. Harufu ya hina ikawa inamtapisha, akaiacha. Alipopata homa, shoga yake mmoja akamkosha kichwa kwa mkunazi ili apoe. Mwezi haukupita, likaja neno kwamba babu kafa.

"Mie nilimwachia," bibi alikuwa akisema, huku akifungua vidole vya mkono mmoja, kama mtu aliyeshika kitu kikamponyoka.

Basi mama akakubali. Sidhani kwamba aliamini, lakini alikuwa hana jambo jengine la kufanya kwa ajili ya baba, na hili lilikuwa jambo. Majani ya mhina yalichumwa uani kwetu, yakaanikwa kivulini ili yasipoteze nguvu. Kutwanga ilikuwa kazi yangu. Bibi aliuchekecha unga kwa kipande cha mtandio wa zamani, akaukanda kwa maji ya karafuu zilizochemshwa na ndimu, akaufunika usiku kucha. Siku ya pili aliupaka kwa vidole, sehemu kwa sehemu, kuanzia kisogoni, kisha akakifunga kichwa chote kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni. Alikuwa na mikono mizuri. Mwaka wa kwanza ule nilimwona mama akifumba macho, na bibi akimpapasa masikio kuondoa matone, na nikadhani hakuna watu wanaopendana kama hawa.

Miaka ikaenda. Mwani unataka maji, na maji ya chumvi hayana huruma na nywele. Hina ya kila wiki juu ya chumvi ya kila siku ilizifanya nywele za mama kuwa kama makumbi ya nazi. Bibi akaongeza mafuta ya nazi, akaongeza unga wa majani ya mlonge, lakini hakupunguza Alhamisi hata moja. Utosini mama akatoka vidonda. Nilimwona akiuma ncha ya kanga wakati bibi anapaka.

Na maneno nayo yakaanza. Kwetu mwanamke ambaye mume hayupo hajipambi, na hina ina harufu, haifichiki chini ya ushungi. Kwenye harusi moja mwanamke alisema nyuma yetu, kwa sauti ya kutaka isikike, "Mume hajulikani aliko, na yeye anampakia nani?" Mama aliweka sahani yake chini, akanishika mkono, tukaondoka. Baada ya hapo hakwenda tena harusini.

Ami Faki, mdogo wake baba, alikuja siku moja akakaa na bibi barazani. Alikuwa mtu mpole, asiyemwangalia mama yake usoni anapozungumza naye.

"Mama, mwache Zuhura ende mjini Chake kwa kadhi, jambo lake lijulikane. Si mke, si mjane. Na sisi tumsomee Hamad hitima."

"Unataka kumzika nduguyo kwa mdomo," bibi alimjibu. "Mwili hujauona, udongo hujaushika."

Ami Faki hakurudia. Lakini mama alikuwa ndani anapika, na alisikia.

Alhamisi iliyofuata nilirudi kutoka skuli nikamkuta mama uani, kigodani, na bakuli mbele yake. Ndani mlikuwa na povu la kijani la mkunazi. Aliliinamia, akaanza kujikosha kichwa peke yake, taratibu, kama mtu anayemkosha mtoto. Bibi alitoka na bakuli lake la hina, akasimama. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake aliliweka bakuli chini akapiga magoti, mtu mzima yule, akashika pindo la kanga ya mama.

"Zuhura, nakuomba. Usimwachie."

"Mama, inuka."

"Ngoja mwezi mmoja tu. Mwezi huu atakuja."

"Mama," mama alisema, na povu linamtiririka machoni, "kama Hamad yu hai, anayemweka ni Mungu. Si kichwa changu. Mie kichwa changu kinaniuma."

Hina haitoki kwa kukoshwa. Huondoka kidogo kidogo, kwa jinsi nywele mpya zinavyoota. Kwa hiyo kilichofuata kwangu kilikuwa kibaya kuliko siku yenyewe. Kila asubuhi mama akinisuka nilikuwa nageuka kuangalia njia ya nywele zake, pale zinapogawanyika, na kila baada ya muda weusi ulikuwa umesogea mbele. Nilikuwa nimeamini. Hakuna aliyeniuliza kama naamini, na hakuna aliyejua. Nililala nikiona barabara ya vumbi na mtu anatembea, na mbele yake njia inajifunga.

Pengine bibi aliliona hilo usoni mwangu. Siku moja mama yuko pwani, aliniita.

"Wewe ni damu yake," aliniambia. "Damu ni zaidi ya mke."

Nikakaa kigodani. Ile hina ilikuwa baridi, nzito, na ilinishuka shingoni, na nilijisikia nimepewa kazi kubwa kuliko zote duniani. Jani la mgomba lilikuwa bado kichwani mama aliporudi na viatu vyake vya mpira vinavyotiririka maji. Alilifungua. Akanikosha kwa mkunazi, mara ya kwanza, ya pili, akizisugua nywele zangu. Kisha akamwambia bibi, na sauti hakuipandisha:

"Mie nilikupa kichwa changu nikakwachia. Huyu usimguse."

Toka siku hiyo walikuwa wanasalimiana tu.

Weusi ulikuwa umefika usawa wa masikio ya mama alipokuja Ami Faki na kijana mmoja wa Gando aitwaye Bakari. Walikuja kwa bodaboda, saa za asubuhi, na kwa jinsi Ami Faki alivyovua kofia yake kabla ya kuingia, mama alielewa. Aliniita nikae karibu naye.

Bakari alikuwa na duka jirani na la baba kule Msumbiji. Alieleza akiangalia mkeka. Walikimbia pamoja wakati moto unawaka. Baba alikuwa na jeraha la ubavuni, wakalala msituni siku kadhaa, jeraha likaoza, ikaja homa. Akafa. Bakari na wenzake walimchimbia kwa mapanga, wakamsalia, wakamfunika kwa shuka moja waliyokuwa nayo. Yeye mwenyewe alikaa kambini muda mrefu, na alipopata njia ya kurudi Pemba, ilimchukua muda mwengine kupata uso wa kutuletea habari.

"Ulimzika mtu mwengine," bibi alisema.

"Bibi, homa ilipompanda alikuwa anaita. Alikuwa anaita, Mamamize, Mamamize. Mie sikujua ni nani."

Hapana mtu mwengine duniani aliyemwita bibi hivyo. Ni baba tu, toka utoto, alipokuwa hawezi kutenganisha maneno mawili. Bibi akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akakaa hivyo. Alipoinuka aliuliza neno moja.

"Lini?"

"Mwanzo kabisa, bibi. Mfungo wa mwaka ule wa vurugu ulikuwa bado."

Nilimwangalia mama. Alikuwa akihesabu, kama nilivyokuwa nahesabu mimi. Alhamisi zote zile, vidonda vyote vile, na mtu alikuwa yuko chini ya udongo.

Bibi hakuhesabu. "Kafa," alisema, "hilo nakubali. Lakini si wakati huo. Hamad alikuwa hai mpaka juzi. Nilikuwa namjua yu hai. Kafa ulipojikosha mkunazi." Wala hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetaja siku ya juma.

Shehe wa msikiti wetu alikuja kutupa pole, na Ami Faki akamuuliza habari ya eda, ule muda wa mjane kukaa ndani bila kujipamba. Shehe alisema eda ya mjane huhesabiwa toka siku ya kifo. Kwa maneno ya Bakari, eda ya mama ilishaanza na kwisha miaka mingi nyuma, yeye hajui, na hakuwa na dhambi kwa hina aliyopakwa ndani ya eda hiyo. Hakuwa na la kukalia. Siku ile ile angeweza kwenda pwani.

Mama alisema atakaa.

"Si wajibu wako, mwanangu," shehe alimwambia.

"Najua, shehe. Nitakaa toka leo, nyumbani humu, kama walivyokaa wenzangu."

Alifunika kichwa kwa kanga nyeupe, akaingia chumbani, akakaa miezi minne na siku kumi kwa ajili ya mtu aliyekufa zamani. Kijiji kizima kilielewa jambo moja tu: kwamba hata yeye mwenyewe amekiri Hamad kafa juzi, baada ya mkunazi. Kila asubuhi bibi alimpelekea uji mlangoni. Siku za mwanzo aliuacha kizingitini. Baadaye akawa anaingia, anakaa naye, na kupitia ukutani nilizisikia sauti zao zikizungumza habari za baba alipokuwa mdogo. Siku moja nilimsikia bibi akisema, "Nimekusamehe, Zuhura," na mama akajibu, "Ahsante, mama."

Niliingia baadaye nikiwa nalia, kwa sababu nami nilikuwa nimekoshwa mkunazi. Mama alinivuta karibu.

"Baba yako kafa zamani," aliniambia sikioni. "Hukumuua, na mie sikumuua. Lakini bibi yako usimwambie."

Bibi aliishi miaka michache zaidi, na mama ndiye aliyemwuguza. Mimi sasa nimeolewa, nakaa Wete. Mama hakuolewa tena. Hapana aliyekuja kumposa. Juzijuzi, kwenye shughuli moja, mwanamke nisiyemjua alikuwa anawahadithia wasichana habari za mke wa msafiri kule Micheweni, aliyejikosha mkunazi mumewe akafa. Hakujua mimi ni nani. Nilipokwenda nyumbani nilimsimulia mama, nikitaraji atakasirika.

"Walisema alikaa eda?" aliniuliza.

"Walisema."

"Basi," akasema, akaendelea kuchagua mchele.

Kwa muda mrefu nilidhani bibi alikuwa mkatili, na baadaye, nilipokuwa skuli ya juu, nikadhani alikuwa mjinga. Leo sidhani hata moja. Alikuwa mama aliyehitaji mwanawe awe hai muda ule wote aliokuwa akimshughulikia, na hapakuwa na njia ya kumpa miaka ile ila mtu mwengine aikubali lawama. Mama alikubali. Hilo lilimgharimu jina lake na ujana uliobaki, na sijui hata leo kama lilikuwa haki. Najua kwamba shehe alimwambia, mbele yetu sote, kuwa si wajibu wake, na alijibu akijua anachokijibu.