Pointi ya Mwisho, Mara ya Pili

Mimi nina mdomo. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiongea, na huko kwetu Fukayosi hajatokea mtu wa kumbishia. Nimefundisha karate hapa Bagamoyo miaka mingi, na wanafunzi wangu wote waliojua kunyamaza walijifunza kwa mtu mwingine.

Mmoja wao alikuwa binti wa miaka kumi na sita, wa familia ya Kiarabu yenye duka la vitambaa mjini. Baba yake hakuutaka mchezo huu hata kidogo. Mkewe alimbembeleza mpaka akalegea, ila akatoa sharti. Alikuja mazoezini na kanzu yake, akasimama mlangoni, akaniambia, "Mwalimu, akishindwa si neno. Lakini siku nikiona utovu wa adabu huku kwenu, binti yangu harudi tena." Nikamjibu kwamba adabu ndilo somo letu la kwanza. Nilimjibu hivyo bila hata kupepesa macho.

Mashindano ya klabu za huku Pwani yakafanyika kwetu, kwenye ukumbi wa shule. Yule baba akaja kwa mara ya kwanza, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Binti yake alipigana vizuri mpaka fainali, akakutanishwa na msichana wa Msata, mrefu, mwembamba, mikono ya suti yake imeishia karibu na viwiko.

Mwalimu wa yule msichana ni Mnyamwezi, na mimi ni Mkwere, kwa hiyo ni mtani wangu. Babu zao walishuka huku Pwani na mizigo vichwani, na utani wa enzi hizo mpaka leo haujaisha. Nilipofiwa na kaka yangu, mtani huyu alijilaza mlangoni akasema jeneza halitoki mpaka apewe kuku. Nililia na kucheka kwa pamoja, na sijasahau wema ule. Basi sisi tukionana ni kutupiana maneno tu.

Pointi zilikuwa sawa, muda unakaribia kwisha. Nilimwona mtani wangu kwenye kiti chake upande wa pili, anajifuta jasho, nikashindwa kujizuia. Nikapaza sauti, "Wewe mpagazi, mzigo umekushinda! Tua chini urudi kwenu!"

Mtani wangu alicheka, lakini alicheka peke yake. Msichana wa Msata alishusha mikono. Hakunitazama mimi, alitazama upande wa watazamaji, alipokaa mwanamume mwenye shati lililopauka na kitambaa begani. Mimi sikujua, ila watu wa Msata waliokuja naye walijua: ni baba yake, na kazi yake ni kushusha saruji na mahindi kwenye malori pale njia panda. Nikamwona anainuka taratibu, anatoka nje.

Mwamuzi, kijana aliyetoka Dar, akaja mpaka mbele yangu. "Mwalimu, naomba utoke kwenye kiti."

"Ni mtani wangu yule," nikasema.

"Na huyu mtoto naye ni mtani wako?"

Nikaenda kusimama ukutani, uso unawaka kwa aibu, na nyuma kule sikuthubutu kutazama.

Mwamuzi akaamuru waendelee. Msichana wa Msata macho yalikuwa yamejaa machozi, haoni vizuri. Mwanafunzi wangu angeweza kummaliza palepale. Badala yake alirudi hatua moja, akamwomba mwamuzi, "Naomba mwenzangu ajifute uso kwanza." Alipokwisha kujifuta wakaanza upya, na teke la yule msichana likagusa mbavu za mwanafunzi wangu. Tukashindwa kwa pointi moja. Mwanafunzi wangu akainama, akampa mwenzake mikono yote miwili.

Nikamfuata mshindi kumwomba radhi. Aliniwahi: "Shikamoo, mwalimu." Hata baada ya yale yote. Marahaba ilinitoka kwa taabu.

"Mwalimu wangu ameshanieleza kwamba ulikuwa unamtania yeye," akasema. "Lakini baba hajui."

Tukatoka kumtafuta, mwanafunzi wangu akatufuata. Tulimkuta kwenye tangi la maji. Nikapiga goti, nikamweleza habari yote ya utani. Akaona haya, akanisihi niinuke.

"Mimi nilidhani mnamcheka kwa ajili yangu," akasema. "Nikaona nikiondoka mtamwacha apigane." Halafu akamgeukia binti yake. "Umeshinda?"

Yule mzee alikuwa ameomba ruhusa ya siku nzima kazini ili aje kumwona, maana hakuwahi kumwona akicheza. Nami ndiye niliyemtoa ukumbini.

Binti yake akaitikia kwa kichwa.

Mwanafunzi wangu ndiye aliyesema. Alimshika mwenzake mkono, akamwambia, "Njoo tumwonyeshe."

Wakasimama kwenye mchanga wa uwanja wa shule, miguu mitupu. Mwanafunzi wangu akajiweka vilevile alivyokuwa, mkono umelegea, mbavu wazi. "Hapa nilizembea, baba," akamwelekeza yule mzee, "ndipo alipoingia." Teke likaja, likamgusa palepale. Akakubali kushindwa mara ya pili, akainama kama alivyoinama ndani. Yule baba alipiga makofi, kisha akajifunika uso na kile kitambaa cha begani.

Nilipogeuka nikamwona yule wa kanzu amesimama mlangoni mwa ukumbi. Sijui alikuwepo tangu lini. Nikaanza kujieleza, utani, Wanyamwezi, kuku wa msibani, yote kwa mpigo. Akainua mkono, nikanyamaza.

"Jumatatu mazoezi ni saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Atakuja," akasema. Alikuwa anamtazama binti yake, aliyekuwa akimfunga mwenzake mkanda uliolegea. "Na wewe, mwalimu, usichelewe. Kaa karibu naye, akufundishe."