Kofia ya Mjapani na Kuku wa Bibi

Mgeni akija kwetu Troyeville, hapa Johannesburg, akafungua kabati la sebuleni kutafuta glasi, anakuta kofia sita za chuma za askari wa Kijapani wa wakati wa vita. Wengi hucheka. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza kama najiandaa kwa fujo. Nikamwambia ndiyo, na yeye nimemwekea moja. Akaenda zake akitikisa kichwa, na glasi ya maji sikumpa.

Kofia ya saba ndiyo iliyoanzisha yote, na hiyo haimo kabatini.

Babu yangu alikuwa keya, yaani askari wa Kiafrika katika jeshi la Mwingereza. Alitoka Muheza akiwa kijana, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani, akarudi na mguu unaouma siku za mvua na kofia moja ya chuma yenye nyota kwenye paji. Hakuwa mtu wa hadithi. Tukimwuliza habari za vita alisema kulikuwa na matope, basi, tukacheze. Kofia yenyewe hakupenda kuiona. Bibi hakuwa na nafasi ya kuchukia chuma kizuri. Aliitoa ngozi ya ndani na kamba ya kidevuni, akampa babu azifungie sandukuni mwake, na kofia akaifanya chombo cha maji ya kuku. Kila siku baada ya swala ya alfajiri aliyamwaga maji ya jana, akaisuuza, akatia maji safi. Hata alipokuwa na homa alimtuma mmoja wetu, na kutoka kitandani alituuliza kama tumesuuza kwanza.

Babu aliizungumzia mara moja tu. Alikuwa anafunga waya wa banda la kuku, mimi nimemshikia koleo.

"Bwana mdogo, hiyo kofia si yangu," alisema. "Mwenyewe nilimkuta kando ya njia, ameshakufa. Nilikuwa mjinga, nikataka kitu cha kuwaonyesha watu nyumbani. Yule mtu ana kwao. Bibi yako akishamaliza nayo, wewe itafutie njia irudi."

Nikasema ndiyo, babu, kwa wepesi wa kijana asiyejua Japani iko upande gani. Hakuongeza neno. Alifariki mwaka uleule, na bibi aliendelea na kuku wake miaka mingi baadaye.

Bibi naye alipotangulia mbele ya haki, mimi nilikuwa nimeshahamia Johannesburg. Nilikwenda kwenye hitima yake, nikarudi na kofia ndani ya begi, pamoja na kifurushi cha sandukuni mwa babu. Nilikuwa na nia njema kabisa, na hapo ndipo pabaya.

Mimi ni fundi bodi. Gereji yetu iko Malvern, kwenye Jules Street, na kazi yangu ni kunyoosha magari yaliyogongwa na kuyapiga rangi. Fundi bodi akiona kutu, mkono unakwenda wenyewe kwenye msasa. Nilijiambia siwezi kumrudishia mtu kitu chake kikiwa kichafu namna ile, kwetu hata sufuria ya kuazima hurudishwa imeoshwa. Basi nikaisugua nje na ndani. Ndani, upande wa kisogoni, palikuwa na michirizi myeupe iliyokauka. Nikadhani ni mavi ya kuku ya zamani. Niliisugua hiyo kwa bidii ya pekee, mpaka chuma kikang'aa. Kisha praima, ile rangi ya chini, kisha rangi ya kijani mara mbili, kisha vanishi. Ngozi ilikuwa imeoza, nikaitupa. Kofia nikaitundika ukutani gerejini na kila mteja aliyeingia nilihakikisha ameiona.

Mteja aliyeiona kweli alikuwa mzee mmoja wa Kizungu kutoka Bezuidenhout Valley, aliyegongwa gari lake ubavuni kwenye roboti, yaani taa za barabarani. Hakutazama hata gari lake. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaishusha kofia, akaigeuza, akaingiza kidole ndani na kupapasa nyuma. Mimi nasubiri sifa.

"Nani kafanya uharibifu huu?" aliuliza.

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia mzee, kama hupendi kazi yangu, gereji ziko nyingi barabara hii. Akaniomba radhi, akakaa juu ya tairi, na akaniuliza polepole kama kwa ndani palikuwa na maandishi, pengine ya rangi nyeupe, upande wa kisogoni. Alikuwa mkusanyaji wa kofia za vita, na alinieleza kwamba askari wengi wa Kijapani waliandika majina yao humo.

Nilikwenda nyuma ya gereji nikafungua bomba na kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Babu alinipa kazi moja, na mimi nilikuwa nimemfuta mtu jina lake, tena kwa msasa, tena nikiimba.

Gari la mzee nililitengeneza vizuri kuliko gari lolote mwaka ule. Siku ya kulichukua alinialika kwake, na hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye jambo hili la kukusanya. Lengo langu mwanzoni halikuwa kumiliki kofia. Nilitaka kujifunza kila mahali ambapo jina linaweza kukaa, labda kuna sehemu ambayo msasa wangu haukufika. Jumapili tulizunguka naye kwenye minada ya vitu vya marehemu na masoko ya vitu vya kale. Alinifundisha kutambua nyota halisi, ambayo imeshikwa kwa vijino vilivyokunjwa ndani, na nyota ya uongo iliyobandikwa kwa gundi. Alinifundisha kunusa ngozi. Zaidi ya yote alinifundisha kutoshika kitu. Nikinyoosha kidole tu, ananipiga kofi la mkononi, mimi mtu mzima mwenye mvi.

"Acha kutu ikae," alikuwa akisema. "Kutu nayo ina haki yake."

Kwa fundi bodi hayo ni matusi, lakini niliurudisha mkono mfukoni. Namshukuru yule mzee kwa kila kofi. Angeweza kunidharau siku ile ya kwanza akaenda zake, na habari yangu ingeishia ukutani.

Nilikuwa na kofia nne kabatini aliponionyesha moja aliyoipata karibuni. Chuma hakikuwa na alama yoyote, wala ngozi. Aliikunjua kamba ya kidevuni, utepe mrefu wa pamba, na mwishoni kabisa palikuwa na herufi tatu nyeusi za wino.

"Kumbe na kwenye kamba?" nilimwuliza.

"Mara mojamoja," alisema. "Ya kwako iko wapi?"

Ya kwangu. Nilikumbuka ngozi niliyoitupa. Kamba sikukumbuka kabisa. Nilitoka bila kumaliza chai, nikapanda teksi hadi Yeoville, kwenye duka la kushona la mke wangu. Yeye ni mtu wa Lubumbashi, na mashine yake haisimami kwa ajili ya mume anayehema mlangoni. Nilimweleza mambo yote kwa mkupuo. Alikata uzi kwanza.

"Wee papa, unatupaka kila kitu," alisema, akimaanisha natupa ovyo. "Ile kamba njo hii."

Akanyoosha mkono kwenye rafu iliyo juu ya kichwa chake. Zile karatasi kubwa anazokatia vitambaa, anazoziita patroni, alikuwa amezikunja na kuzifunga kwa utepe wa kahawia. Aliuokota kwenye taka siku niliyotupa ngozi, kwa sababu pamba ile ilikuwa ngumu na fundi cherehani hatupi kamba nzuri. Miaka yote hiyo nilikuwa nikija kumchukua jioni na kukaa chini ya rafu ile.

"Uliiosha?" niliuliza.

"Na sabuni, bien sûr, bila shaka. Ilikuwa nanuka sawa na ile kofia ya kuku."

Niliifungua. Mwanzoni mwa utepe hapakuwa na kitu. Katikati hapakuwa na kitu. Kwenye ncha ya pili, chini ya alama ya fundo lake, palikuwa na herufi nne, zimefifia, lakini zipo. Baadaye mzee aliniambia wino wao wa zamani ulitengenezwa kwa masizi, na masizi hayaogopi sabuni. Wakati ule sikujua hayo. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia, na mke wangu akageuza kibao cha mlangoni ili asiingie mtu. Kwa mwanamke yule sina shukrani inayotosha. Nimejaribu kwa miaka, na yeye hunijibu kwamba nimnunulie tu kamba nyingine.

Mzee alipiga picha akaituma kwa watu wa hukohuko Japani wanaosaidia kutafuta ndugu za askari. Tulisubiri zaidi ya mwaka. Hatimaye likaja jibu: amepatikana mtoto wa dada wa yule askari, mama wa makamo, na angependa kuipokea. Aliomba jambo moja. Alitaka kujua kofia ya mjomba wake ilikuwa wapi na ilifanya nini muda wote huo.

Hapo sasa. Mzee alinishauri niandike kwamba ilihifadhiwa kwa heshima katika nyumba ya askari mwenzake, na kusema kweli maneno hayo yalinivutia. Ningemwambiaje mtu kwamba kofia aliyokufa nayo mjomba wake ilikuwa inanywewa na majogoo? Nilimpelekea mke wangu barua hiyo nzuri. Aliisoma, akanirudishia.

"Ulishafuta jina yake mara moja," alisema. "Usifute tena."

Nikakasirika, nikatoka nje, nikazunguka mtaa mzima, nikarudi. Niliandika upya. Niliandika habari ya kando ya njia, ya matope, ya ombi la babu. Niliandika habari ya msasa na rangi ya kijani, nikaomba msamaha. Na niliandika kwamba bibi yangu aliitumia kuwapa kuku maji, kila asubuhi, maji safi, na kwamba alikuwa anaisuuza kwanza. Nikaifunga kofia na kamba yake kwa mikono yangu. Siku ya kuituma nilijihisi mwepesi na mwenye aibu kwa pamoja.

Barua ya yule mama ilifika baada ya majira ya baridi. Aliandika kwa Kiingereza kifupi, cha mtu aliyetumia kamusi. Alisema wakati wa vita nyanya yake, mama mzazi wa yule askari, aliletewa kisanduku cha mifupa ya mwanawe, na alipokifungua alikuta kipande cha karatasi tu. Rafiki wa mjomba aliyenusurika alikuja akawaambia kwamba mwishoni kijana alikuwa anaomba maji, na hayakuwapo. Tangu siku hiyo nyanya yake aliweka glasi ya maji safi mbele ya picha ya mwanawe kila asubuhi. Nyanya alipofariki, aliendelea binti yake, mama wa huyu aliyeniandikia. Sasa anaweka yeye.

"Tulidhani ni sisi peke yetu," aliandika. "Kumbe na kule kwenu kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akimtilia maji kila asubuhi. Tafadhali niambie anaitwa nani."

Nilimtumia jina la bibi kwa herufi kubwa, na namna ya kulitamka. Akajibu kwa picha. Ni kijikabati cheusi ukutani, cha kuwakumbukia wafu wao, na ndani yake kuna picha ya kijana mwenye masikio makubwa, na pembeni kipande cha karatasi chenye jina la bibi yangu kwa maandishi yao. Mbele yao kuna kofia ya kijani inayong'aa kupita kiasi, imegeuzwa juu chini, na imejaa maji.