Siku Niliyomnyima Mwende Maji

Kisa hiki huwa nakisimulia nimeinamisha uso, na wale mliokuwa kanisani siku hiyo msinisahihishe, maana hata mimi sikuelewa kilichokuwa kikiendelea. Ilikuwa miaka ya tisini, tunakaa mtaa wa Buruburu, na binti yangu Mwende, wa miaka mitano, aliyekuwa ameacha kujikojolea kitambo, akaanza upya, tena mchana kweupe, mara kwenye kochi, mara mlangoni kwa jirani. Nikamgombeza, nikamwaibisha mbele ya wenzake, wapi. Basi nikaamua (hapa ndipo nilipoharibu) kwamba dawa ni kumnyima maji, kwani asiyekunywa atakojoa nini? Kesho yake akaanza kunung'unika kwamba kunamchoma akienda choo, nikaona ni visingizio, na joto la mwili nikasema ni mafua yanakuja.

Jumapili ilikuwa siku ya watoto kanisani, na Mwende alikuwa na mstari wa kukariri, kwa hivyo nikamvalisha gauni jeupe na hata chai sikumpa. Akapelekwa mbele, akashika maiki kwa mikono miwili, kimya. Mimi kule nyuma nachezesha midomo nimkumbushe maneno. Akanitazama, akasema polepole, kanisa zima linasikia, "Mama, nipe maji kidogo. Sitakojoa tena." Halafu akakojoa palepale, analia, ameshika tumbo.

Nilikimbia mbele bila kujua naenda kufanya nini (kumfunika? kuomba msamaha?), nikajikuta nimeshika maiki namwambia pasta, "Samahani, amemaliza." Wengine wakacheka, wengine wakaguna. Mama Njeri, jirani yangu ambaye ni nesi, akaja akamgusa shingo.

"Mama Mwende, huyu anachemka. Tangu jana amekojoa mara ngapi? Mkojo unanuka?"

Nikambeba Mwende mgongoni.

Tukampeleka kliniki vivyo hivyo, gauni limelowa. Mkojo ulipopimwa haukuwa mwangavu, na ulikuwa na wadudu tele. Daktari akanieleza kwamba mtoto ana maambukizi kwenye njia ya mkojo, si utundu, na mtoto mkubwa akianza tena kujikojolea apimwe. Kwamba anywe maji kwa wingi, asibane mkojo, apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma, na dawa aimalize hata homa ikishuka, maana ugonjwa huu ukiachwa hupanda hadi kwenye figo.

"Na nani alikwambia umnyime maji?" akaniuliza nilipokiri.

Nikatazama ukuta. Nilitamani sana kuwa na mtu wa kumtaja.

Mwende alipona, akarudi kuruka kamba na wenzake kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi ndiye niliyekaa Jumapili tatu nikiingia kanisani baada ya wimbo wa kwanza. Siku hizi mtoto akijikojolea mbele yangu, awe wangu au wa mwenzangu, sipandishi sauti. Nachuchumaa kwanza, nimuulize kama kunamuuma.